Uso wa Fundi Elungat

Tangu utotoni, Nerima hakuwahi kumwota mtu jinsi alivyo. Baba yake alimjia ndotoni akiwa mchuuzi wa chumvi, mtu mwenye haya, anayeuliza bei badala ya kuitaja. Mwalimu wao wa hesabu, ambaye watoto wote walimwogopa, alimjia akiwa kitoto kichanga kinacholia, naye Nerima akakibeba mgongoni mpaka kikanyamaza. Kesho yake darasani, kwa huruma, alishindwa kumtazama mwalimu usoni. Bibi yake aliposikia alicheka. "Ndoto haina watu wa kutosha, mjukuu wangu," alimwambia. "Inaazima waliopo."

Akakua nayo hali hiyo kama mtu anavyokua na alama ya kuzaliwa. Aliolewa na Patroba, mkulima wa upande wa Majanji, karibu na ziwa, wakapata watoto wawili: Oundo, na baada yake Taaka. Shamba lilipoanza kuwapunja, Nerima alipanga chumba Busia mjini, upande wa Uganda, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Patroba alibaki na jembe lake. Mwisho wa juma alikuja na mihogo, akalala, akarudi.

Nerima alishona sare za shule na gomesi, yale magauni marefu ya akina mama wa Uganda. Kwenye baraza lile jirani yake alikuwa Mugeni, mwuza mitumba, mwanamke mcheshi ambaye hakuna habari iliyopita mpakani bila kusimama kwake kwanza. Chini ya ngazi, palipoanzia vumbi la barabara, alikaa Elungat, fundi baiskeli, Mwiteso kutoka Molo kule Tororo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, jino moja la mbele limekwenda, na sauti iliyozoea kushindana na malori. Jumamosi jioni alikunywa malwa, pombe ya wimbi, kwa mrija pamoja na wazee wenzake, na Jumatatu alisimulia yote yaliyosemwa huko, mtu atake asitake.

Asubuhi zao zilikuwa na mchezo. Mugeni akishatandaza nguo zake, alikuwa akiuliza, "Mama Oundo, leo nilikuwa nani?"

"Ulikuwa askofu," Nerima alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Ulikuwa unabariki kuku."

"Na mimi?" Elungat alidakia kutoka chini.

"Wewe ulikuwa bibi harusi. Viatu vilikubana, ukakataa kuingia kanisani."

Elungat alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Hata sisi wapita njia tulikuwa tukisimama kuuliza kama tumo.

Oundo alikulia kwenye baraza hilo. Akitoka shule alishuka kwa Elungat, akamshikia fremu, akajifunza kuziba tairi na kunyoosha rimu. Alipomaliza masomo alianza kwenda visiwani kununua samaki na kuwauza sokoni Busia. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuimba akiwa peke yake na kunyamaza akisikilizwa. Mama yake alimpenda kwa namna ambayo hakuisema, ila kola za mashati yake zilikuwa zimeshonwa mara mbili.

Siku moja ya upepo mashua aliyopanda na wenzake kutoka visiwani ilipinduka kabla haijafika Majanji. Wenzake wengine waliokolewa, wengine miili yao ikatolewa na mawimbi. Oundo hakuonekana. Patroba na ndugu zake walikaa ufukweni wakingoja, wavuvi wakazunguka na nyavu, wakarudi wakitikisa vichwa. Mwishowe wazee wa ukoo walisema boma haliwezi kuachwa wazi hivyo. Walikata shina la mgomba liwe badala ya mwili, wakalifunga kwenye shuka, mchungaji akaomba, wakalizika. Wanawake walilia. Nerima alisimama kando ya kaburi akitazama lile shina likishuka, na alichokiona ni watu wanaozika mgomba. Hakulia.

Aliporudi mjini alikuta watu wamekuwa wema. Wema wao ulikuwa wa kunyamaza. Hakuna aliyetaja visiwa mbele yake, wala samaki, wala mashua. Mugeni, aliyemwita Mama Oundo miaka yote hiyo, sasa alimwita Mama Taaka. Wateja nao wakafuata. Ulikuwa uungwana tu, kwani nani anataka kumgusa mtu kwenye kidonda? Ule mchezo wa ndoto nao ukafa bila mtu kuamua.

Elungat peke yake hakubadilika. Kila asubuhi sauti yake ilipanda ngazi: "Mama Oundo, umeamkaje?" Na baiskeli ikiletwa: "Hii naijua! Hii Oundo ndiye aliifunga breki, bado mtoto. Tazama, mpaka leo inashika." Nerima alipokuwa akisikia hivyo alikanyaga cherehani kwa nguvu, ingawa wakati mwingine hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Alianza kumchukia. Aliona ni mtu asiye na akili, au asiye na moyo.

Wakati huo alikuwa akimwomba Mungu ndoto moja tu. Alitaka Oundo aje. Hakujali aje kama nani. Miezi ikapita, ndoto zikaja na kwenda, Oundo hayumo.

Kisha akaja. Katika ndoto Nerima alikuwa Majanji, uani, jua linawaka, anaanika mihogo. Mtu akapita kwenye uwazi wa ua, akasema, "Mama, nipe maji." Nerima akageuka. Aliyesimama pale alikuwa Elungat, na ndevu zake, na pengo lake, na vidole vyeusi kwa grisi. Naye Nerima akajua, bila shaka hata kidogo, kwamba ni mwanawe. Alimpa maji kwenye kibuyu. Oundo mwenye uso wa Elungat alikunywa yote, akashusha pumzi, akachuchumaa kando yake, wakageuza mihogo pamoja. Hawakuongea. Nerima alisikia furaha ikimpanda.

Alipoamka, furaha iliondoka, uso ukabaki. Aliona ameibiwa. Alikuwa amemngoja mwanawe kwa muda wote huo, na alipofika, amefika amevaa sura ya mtu yule.

Ndoto ilirudi, mara na mara. Safari nyingine walikuwa wanabeba kuni, safari nyingine wanatafuta mbuzi aliyekata kamba. Uso ulikuwa uleule. Mchana Nerima alipochungulia chini ya ngazi na kumwona Elungat akipuliza vumbi kwenye mnyororo, mwili ulimsisimka kwa hasira.

Siku moja alishindwa kubeba peke yake, akamweleza Mugeni.

"Mugeni, namwota Oundo. Lakini anakuja na uso wa huyu mzee."

Mugeni aliacha kukunja shati. "Mzee yupi?"

Nerima alielekeza chini kwa kidevu.

"Mama Taaka!" Mugeni alishusha sauti. "Wewe huoni? Mbona yeye ndiye hachoki kumtaja marehemu? Sisi wote tumenyamaza, yeye tu kila siku Oundo, Oundo. Na mwili haukupatikana. Ndoto ya namna hiyo si ya bure."

"Ni ndoto tu," Nerima alisema.

"Sawa. Ni ndoto tu," Mugeni alijibu, akaendelea kukunja.

Mugeni hakuwa mtu mbaya. Alimpenda rafiki yake, na alitaka msiba ule uwe na mwenye kuulizwa. Kabla juma halijaisha habari ilikuwa imevuka mpaka, ikarudi imenenepa. Ilisemekana fundi baiskeli ameificha roho ya kijana wa watu. Ilisemekana kijana anafanyishwa kazi usiku, ndiyo maana mzee yule habadiliki, yuko na nguvu zilezile. Wapanda baiskeli wakaanza kusukuma baiskeli zenye pancha mpaka kwa fundi mwingine mbali kule, jua lote hilo, kuliko kusimama kwa Elungat. Asubuhi moja alikuta pampu yake imetupwa mtaroni. Aliitoa, akaipangusa, akapanda ngazi na kuuliza kama kuna aliyeona. Mugeni aligeukia nguo zake. Nerima alikuwa akitia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia.

Vijana walipoanza kupita wakimtolea maneno ya vitisho, mwenyekiti wa mtaa aliita kikao. Watu walijaa mbele ya duka. Elungat alisimama katikati, kofia mkononi, akionekana mdogo kuliko siku zote. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akataka kusikia kutoka kwa mwenye ndoto.

"Mama, hawa wanasema umemwona huyu mzee ndotoni kwa habari ya mtoto wako. Kweli au uongo?"

Nerima alitazama chini. "Nilimwona," alisema.

"Zaidi ya mara moja?"

"Zaidi ya mara moja."

Kelele zikapanda. Mwenyekiti alinyoosha mikono, akasema serikali haijui ndoto, hakuna atakayeguswa, kila mtu arudi kwenye kazi yake. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Elungat alimtazama Nerima kwa muda, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Haikumalizika. Basi akavaa kofia, akakusanya spana zake kwenye sanduku, akalifunga nyuma ya baiskeli na mpira wa tairi kuukuu, akaondoka akiisukuma kuelekea barabara ya Tororo. Hakupanda. Wengine walisema kukimbia kwake ndio ushahidi.

Taaka wakati huo alikuwa ameolewa Matayos, upande wa Kenya. Alikuja kumsalimia mama yake baada ya kikao, akakuta mahali pa Elungat pana mwuza makaa. Mama yake alimsimulia yote, tangu pale uani penye mihogo. Taaka alisikiliza, mtoto wake amelala mapajani.

"Mama," alisema, "ulipompa maji, alikufanyaje?"

"Alikunywa."

"Alikutisha?"

"Hapana."

"Alikuwa amefungwa? Analia?"

"Hapana, mwanangu. Tuligeuza mihogo. Nilikuwa na furaha. Sijawa na furaha kama ile tangu..."

"Na hayo ulisema kwenye kikao?"

Nje pikipiki zilipita. Nerima alijifunga khanga upya, akaifungua, akaifunga tena.

"Mimi nikija hapa," Taaka aliendelea polepole, "kila mtu ananiuliza habari za Matayos, habari za mtoto. Hakuna anayeniuliza habari za kaka yangu. Yule mzee tu. Kila nikipita alikuwa ananisimamisha, ananiambia kitu fulani Oundo alifanya. Vingine nilikuwa sivijui. Nilikuwa napita pale makusudi, Mama."

Ndipo Nerima akalia. Alilia kilio ambacho hakikutoka siku ya mgomba, na Taaka hakumkataza. Alipomaliza alinawa uso, akala alichopikiwa, akalala.

Asubuhi hakuanza kazi. Alisimama juu ya ngazi, mahali ambapo wote wangemsikia, akamwita Mugeni kwa jina, akamwita mwuza makaa, akawaita na wapita njia. Hakuwa mtu wa kuongea mbele ya watu.

"Nilisema nusu," alisema. "Nilimwota Elungat, ni kweli. Alikuwa ni Oundo wangu. Aliniomba maji nikampa. Alinisaidia kazi. Hakunidhuru, wala hakumdhuru mtoto wangu. Mtoto wangu alichukuliwa na maji, na upepo. Mnanijua, tangu zamani naota watu wakiwa watu wengine. Mugeni, nilikuota ukiwa askofu, je, wewe ni askofu? Nilikaa kimya mkamfukuza mtu. Hiyo ni dhambi yangu."

Watu walitazamana. Wengine waliguna kwa kukubali, wengine waliondoka na lao moyoni, maana uvumi ukishaota mizizi haung'oki kwa mkono mmoja. Mugeni alikaa juu ya gunia lake la nguo akashika kichwa. Baadaye alimletea Nerima chai, akaiweka kando ya cherehani, akasema, "Ni mimi niliyewasha huo moto, dada." Wakainywa pamoja.

Nerima alikwenda pia kwa mwenyekiti akarudia yote. Halafu akasafiri kwenda Tororo, na kutoka hapo akapanda pikipiki kwenda Molo.

Alimkuta Elungat kwenye senta ndogo ya maduka, kando ya kinu cha kusaga mahindi, amepindua baiskeli magurudumu juu. Alikuwa amekonda. Alipoinua macho akamwona, hakusimama.

"Mama Oundo," alisema. "Umefika."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, jina hilo halikumchoma. Alipiga magoti kwenye unga uliomwagika. Elungat alimwambia ainuke, watu wanatazama, lakini Nerima alibaki pale mpaka aliposema alichokuja kusema. Alimweleza ndoto yote. Hakuificha hasira yake wala ukimya wake kwenye kikao.

Elungat aliendelea kuzungusha gurudumu kwa kidole, akilisikiliza.

"Nilipokuangalia siku ile," alisema mwishowe, "nilijua kuna kitu unacho mdomoni. Nikasema, sasa atasema. Ukakaa kimya. Kile ndicho kiliniuma. Wale vijana hawakuniuma."

"Najua."

"Mimi kumtaja yule mtoto sikuwa na nia mbaya. Kwetu sisi mtu akifa unamtaja, ili asione amefukuzwa. Na mimi mwenyewe nilimpenda. Sina mtoto wa kiume aliyenishikia fremu."

"Kwa nini alikuja na uso wako, mzee?"

"Hiyo utaniuliza mimi? Mimi nilikuwa nimelala kwangu." Akatabasamu kidogo, pengo likaonekana. "Hata mimi nakuota wewe. Wewe ni askari wa forodha. Unaninyang'anya pampu, unaniuliza risiti. Nikiamka nina hasira na wewe mpaka chai inapoa. Lakini sikwenda kwa mwenyekiti."

Nerima alicheka na machozi yakimtoka.

Elungat alimpeleka nyumbani kwake. Mkewe, Ajambo, alikuwa akipepeta wimbi. Aliitikia salamu bila kuacha ungo, wala hakuleta kiti. Nerima alikaa chini kwenye mkeka bila kuombwa. Hakutegemea zaidi ya hapo. Alimwambia Ajambo yaleyale aliyomwambia mumewe, na Ajambo aliposikia yote alisema tu, "Alirudi hapa akakaa siku nyingi hazungumzi. Elungat huyu, hazungumzi! Unajua hiyo ni nini?" Kisha akaingia jikoni. Chakula kilipokuja, kilikuja cha watu watatu.

Nerima alimsihi Elungat arudi Busia. Alimwambia mwuza makaa atahama, mwenyekiti amekubali, Mugeni mwenyewe atapafagia.

"Hapana," alisema Elungat. "Mahali ambapo pampu yangu imetupwa mtaroni, nikikaa nitakuwa naangalia kila mtu mkono. Sitaki kuzeeka hivyo. Hapa baiskeli ni chache, lakini nafanya kazi nikiwa nimeinama bila hofu."

Hilo halikurekebishika, na Nerima hakudai lirekebishwe. Baiskeli za Busia zilikwenda kwa wengine. Wapo mpaka leo wanaoshusha sauti jina la Elungat likitajwa, na Nerima akiwa karibu anawasahihisha, siku nyingine wanamsikia, siku nyingine hapana.

Ndoto ziliendelea kwa muda. Oundo alikuja na ndevu zile, na pengo lile, wakachota maji, wakafukuza ndege kwenye mtama. Nerima alipoamka hakuona tena kwamba ameibiwa. Alimsimulia Patroba alipokuja mwisho wa juma, na Patroba, ambaye hakuwa amezungumza habari za mwanawe tangu ufukweni, aliuliza, "Alikuwa mzima?" Nerima alisema ndiyo, alikuwa mzima. Patroba aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea kumenya mhogo. Halafu, bila kuombwa, alianza kueleza jinsi Oundo alivyojifunza kuogelea akiwa mdogo, na wakakaa wakizungumza hadi moto ukahitaji kuni nyingine. Baadaye ndoto zile zikaadimika, zikakoma. Oundo hakuwahi kuja na uso mwingine.

Sasa Nerima anakwenda Molo siku ya gulio kila akipata nafasi. Hupeleka sare alizoshona, huzitandika kwenye turubai kando ya kinu, hatua chache kutoka kwa Elungat. Ajambo alianza kuwa mteja, kisha akawa mtu wa kumtunzia mzigo. Mara ya mwisho nilipomwona Nerima huko, alikuwa akimpima mjukuu wa Elungat na Ajambo, Patience, gauni la kipaimara. Mtoto alikataa kusimama wima kwa sababu utepe wa kupimia ulimtekenya. Elungat alimwambia kwa sauti yake ileile atulie, mama hana siku nzima, na kwa mshangao wa wote akatulia. Nerima alishika kipande cha chaki mdomoni, akapima bega, akapima kiuno, akaongeza kidogo kwenye upindo, kwa kuwa mtoto yule bado anakua.